Kamera Ilikuwa Harusini

Kipande chenyewe kina dakika 1 na sekunde 10. Msichana wa S3, yaani kidato cha tatu, anachomoka kwenye mstari wa paredi, anapotelea bwenini, anatokea tena na begi mgongoni na ndoo mkononi, anakata uwanja wa mpira kwa mshazari mpaka getini. Askari anaandika kitu kwenye daftari lake, anavuta komeo, msichana anatoka. Geti linafungwa. Kwa mbali sauti ya mhasibu bado inasoma majina ya wanaodaiwa karo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari upande wa Busia, Uganda, yenye wanafunzi wa bweni na wa kutwa, na ndiye mlezi wa chama cha Kiswahili kilichorekodi kipande hicho. Walimu wenzangu kutoka shule jirani wanataka kuanzisha mfululizo wa video za maisha ya shule kama wetu, na wote wananiuliza kuhusu maikrofoni na taa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kamera ilikuwa yetu siku gani za wiki. Kosa letu lilikuwa hapo, ingawa tulilipata baada ya watu wanne kukasirika, kila mmoja kwa sababu yake.

Wazo hatukulitunga. Jumamosi usiku, saa za burudani, niliwaonyesha wanachama vipindi vichache vya Educating Yorkshire, mfululizo wa kituo cha Channel 4 cha Uingereza uliorushwa mwaka 2013. Ulipigwa katika shule ya Thornhill, mji wa Dewsbury, ukifuata nyayo za Educating Essex ya mwaka 2011, iliyopigwa katika shule ya Passmores mjini Harlow. Namna yao ni kufunga kamera kwenye kuta na dari za shule nzima, zaidi ya 60, na kuziendesha kutoka chumba kimoja, huku walimu na baadhi ya wanafunzi wakiwa wamevaa maikrofoni ndogo. Hakuna mpiga picha anayemfuata mtu koridoni. Baada ya siku chache watu wanazisahau, maisha yanaendelea.

Wanafunzi wangu walishangazwa kwanza na mambo mengine kabisa. Mtoto anabishana na mwalimu huku amekaa! Mtoto anatoka darasani akaufunga mlango kwa kishindo, na jioni bado ana mikono miwili! Lakini ilipofika sehemu ya mwisho, ya yule kijana Musharaf mwenye kigugumizi, ukumbi ulinyamaza. Mtihani wa kuzungumza unamkaribia na maneno hayatoki. Mwalimu wake wa Kiingereza, Matthew Burton, anamwambia avae vipokea sauti, asikilize muziki, kisha asome shairi. Maneno yanatoka. Baadaye anasimama mbele ya wenzake wote akazungumza, na walimu wanafuta machozi. Wetu nao walifuta. Ndipo mvulana mmoja wa S2 aliponyoosha mkono: "Mwalimu, kamera ilijuaje?"

Nilimjibu kijuujuu, kwamba kamera haijui kitu, ilikuwepo tu. Jibu lilikuwa sahihi. Sikulisikia mwenyewe.

Tulianza muhula wa pili. Simu ni marufuku shuleni kwetu, ikikamatwa inapondwa kwa nyundo mbele ya paredi, kwa hiyo tulihitaji kamera halisi. Mpiga picha mmoja wa mjini, anayeishi kwa harusi, kwanjula (sherehe za kutambulisha mchumba) na mazishi, alikubali kutuazima yake kuanzia Jumatatu jioni hadi Alhamisi jioni, kwa masharti mawili: betri irudi imejaa, na mkanda wake wa shingoni usilowe jasho. Ijumaa mpaka Jumapili alikuwa na kazi zake. Tukaona tumepata neema, na kweli ilikuwa neema. Vipindi vinne, kila kimoja dakika kumi na kidogo, kwa Kiswahili.

Kwa nini Kiswahili? Mimi ni mwalimu wake, hilo moja. Lakini kulikuwa na sababu ya ndani zaidi. Shuleni kwetu anayenaswa akisema Kisamia au lugha nyingine ya nyumbani anavishwa kibao shingoni, atembee nacho mpaka amnase mwingine. Kiingereza ndicho lugha rasmi ya kuta zetu. Kiswahili kimekaa katikati. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020 ni somo la lazima S1 na S2, kwa hiyo hakivishwi kibao. Na kwa watoto wa mpakani ni lugha ya soko, ya boda boda, ya kuomba punguzo. Mbele ya kamera kwa Kiingereza walisimama kama wanatoa ushahidi mahakamani. Kwa Kiswahili walikaa. Wapo wazee wa hapa ambao Kiswahili bado kinawakumbusha Amin, aliyekitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na bunduki za wakati ule. Watoto hawana habari hiyo. Kwao ni lugha isiyo na kibao.

Kitu kimoja niseme kwa haraka, maana wenzangu mtakutana nacho. Kamera ilipofika, fimbo zilitoweka. Adhabu ya viboko imekatazwa na sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016, na waraka wa wizara ulishaikataza kabla ya hapo, lakini tusidanganyane. Jumanne hadi Alhamisi walimu wetu walikuwa malaika. Ujumbe wa wanafunzi ulinijia kuniomba kamera isirudishwe kwa mwenyewe.

Sasa VJ. Kwa wasioijua Uganda: katika vibanda vya video vya hapa kuna mtu anayekaa na maikrofoni, filamu inaenda, yeye anaitafsiri na kuipamba kwa utani wake. Kwa Luganda, VJ Jingo ni jina linalojulikana na mtoto wa miaka mitano. Kwa Kiswahili yupo DJ Afro wa Kenya. Kijana mmoja wa S4 ana kipaji hicho, na chama kikaamua kwamba badala ya msimulizi wa sauti nzito tutakuwa na VJ. Niliafiki mara moja. Ndicho kilikuwa kitu chetu, ambacho wale wa Yorkshire hawakuwa nacho.

Jumapili ya wazazi kutembelea watoto, baada ya chakula, tuliweka projekta ukumbini tukaonyesha vipindi vyote vinne mfululizo. Kipande cha msichana kilikuwa mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Alipovuka uwanja na ndoo yake, VJ akaingia: "Stelingi anaondoka! Jamani msilie, stelingi hafi, atarudi sehemu ya pili!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, kidogo, halafu nikamtafuta msichana kwa macho. Alikuwa amekaa safu ya tatu, hajainama, anaangalia ukuta wenye picha.

Jumatatu mambo yakaanza.

Wa kwanza ni mwalimu mkuu. Siku ileile ya maonyesho kituo kimoja cha televisheni cha ukanda wetu kilikuwa kimeuliza kama kinaweza kuurusha mfululizo, na yeye alishaanza kuuona kama tangazo la kuandikisha wanafunzi wa mwaka ujao. "Mwalimu," aliniambia, "mzazi gani ataleta mtoto kwenye shule aliyoiona ikifukuza?" Alitaka kipande kitolewe. Nikamjibu kwamba kila mzazi wa Uganda anajua maana ya mhasibu kusimama paredi na karatasi, na kwamba shule ya televisheni isiyo na karo ni shule ya kufikirika. Bado nasimamia hapo. Lakini nilipokuwa najibu, nilikuwa nautetea ujasiri wetu sisi, na msichana hakuwa hata kwenye sentensi.

Wa pili ni mimi mwenyewe. Nilichokasirikia ni kicheko. Nilimwita VJ nikamwambia sauti yake itafutwa pale, kipande kipite kimya. Aliumia. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nilisema atarudi." Nikamwambia hiyo siyo hoja.

Wa tatu ni mama yake. Anauza mukene, yaani dagaa, pande zote mbili za mpaka, na habari ilimkuta kwenye meza yake ya soko: jirani aliyekuja kutembelea mwanawe alimwambia amemwona binti yake kwenye sinema akifukuzwa. Alifika Jumanne saa 3, harufu ya samaki mkavu bado kwenye leso.

"Habari ya siku, Mwalimu."

"Nzuri, Mama. Karibu kiti."

"Nitakaa. Nani alitia sahihi?"

Tukaleta faili. Fomu ya kujiunga S1 ina mstari mdogo chini kabisa unaosema picha za mwanafunzi zaweza kutumiwa na shule. Sahihi ilikuwa ya mjomba, aliyemleta mtoto siku ya kwanza kwa sababu mama alikuwa safarini. Mama akaweka kidole kwenye ile sahihi akakiacha hapo muda mrefu.

Hapa alikuwa na haki kuliko alivyojua. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya habari za mtoto, na mstari wa kijumla uliotiwa sahihi miaka miwili kabla ya kamera kuwepo hauwezi kubebeshwa mzigo wa sauti inayotangaza kwamba fulani anadaiwa shilingi 165,000. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye kipande, na jina lake kamili lilisikika. Tuliifuta siku ileile. Jambo hilo halikuhitaji kikao. Fomu mpya ya ridhaa tuliiandika kwa Kiswahili na Kisamia, inataja kipindi, inataja kituo, na mzazi anatia sahihi baada ya kuona kipande chenyewe. Mama aliiangalia, akasema ataitia sahihi ikiwa binti atataka.

Naona aibu kuandika kwamba hapo ndipo ilipotujia akilini kumwita binti.

Alikuja Jumatano baada ya masomo. Nilikuwa nimejiandaa kumtuliza. Nilimwambia tunasikitika kwa kicheko, sauti ya VJ itaondolewa, na akitaka kipande chote kitatolewa.

"Waliocheka hawana shida, Mwalimu. Hata mimi ningecheka."

"Sasa shida ni nini?"

"Alisema nitarudi sehemu ya pili. Nimeangalia ya pili. Nimeangalia ya tatu na ya nne. Sikurudi."

Sikuwa na jibu.

Aliondoka Jumanne. Mteja wa mama yake kutoka Kampala alilipa Alhamisi usiku, na Ijumaa asubuhi mama akaja naye mpaka getini, wakalipa 100,000, akaruhusiwa kuingia na deni la 65,000. Alikosa majaribio mawili, akayafanya Jumatatu iliyofuata, peke yake, ofisini kwangu. Nilimsimamia mimi! Nilijua kila kitu. Na katika vipindi vinne vya maisha ya shule yetu, mtoto huyo anatoka na geti linafungwa, kana kwamba ameishia hapo. Kwa nini? Kwa sababu Ijumaa kamera ilikuwa harusini.

Niliporudi kuangalia picha zetu zote kwa jicho hilo, nilistuka. Shule yetu ya televisheni haina Ijumaa. Haina Waislamu wanaoomba ruhusa kwenda msikitini adhuhuri. Haina Jumamosi ya kufua, soksi zikianikwa kwenye ua wa michongoma. Haina wazazi wanaolipa, maana wengi wanalipa mwisho wa wiki wakishauza, ila ina wanaofukuzwa, maana mhasibu anasoma majina Jumanne. Hatukupanga kusema uongo. Ratiba ya mwenye kamera ilituhariria mfululizo kabla hatujagusa kompyuta.

Ndipo swali la yule mvulana wa S2 lilipoanza kuniuma. Kamera ya ukutani inasubiri. Imefungwa pale mtoto anapotoka na pale anapoingia, na haijali lipi linasisimua. Wale wa Yorkshire nao wanachagua, tena bila huruma: wiki za shule nzima zinabanwa mpaka kipindi kisichofika saa moja. Lakini wanachagua wakiwa na mwanzo na mwisho mkononi. Asubuhi ile kijana aliposimama kuzungumza, hakuna aliyekimbia kutafuta betri. Kamera yetu ya mkononi ilikuwa inakimbilia tukio, na kutoka ni tukio. Kurudi ni mtu anapita geti na ndoo. Hata kama kamera ingekuwepo Ijumaa ile, sina hakika kama wanangu wangeiwasha.

Mwenzangu wa somo la historia alinitetea kwamba ndiyo umaskini wa kamera moja, tusijilaumu. Siafiki. Mtengenezaji filamu wa Marekani, Frederick Wiseman, alipiga filamu yake High School mwaka 1968, katika shule ya Northeast ya Philadelphia, kwa kamera ya begani, bila kuta zenye macho. Tofauti ni kwamba alikaa. Na hata kukaa kwenyewe hakukumaliza tatizo la mama wa mukene: kulikuwa na fununu za kesi, na filamu ikakaa miaka mingi bila kuonyeshwa katika mji huohuo ilikopigwa.

Turudi kwetu. Chama kilikutana. Wavulana wakaja na suluhisho la haraka: msichana achukue begi na ndoo, atoke, aingie tena, tumpige. Dakika tano, kazi imekwisha. Nikakataa, nikasema huo utakuwa mchezo wa kuigiza. Msichana akasema, "Lakini nilirudi kweli." Tukabishana kwa nusu saa nzima, ubishi mzuri kuliko somo lolote nililofundisha muhula ule. Alirudi kweli, ndiyo. Lakini angevaa uso gani? Wa Ijumaa ile, au wa leo anayejua kwamba televisheni inamsubiri? Mwenyewe ndiye aliyelimaliza: "Ijumaa nilikuwa nalia kidogo. Leo siwezi kulia tena."

Basi askari wa getini. Ni mwanajeshi mstaafu, na kila anayetoka na kuingia humwandika kwenye daftari kubwa lenye jalada jekundu, kwa Kiswahili cha kambini, kwa sababu ndicho jeshi lilimpa. Mtu mmoja kwenye kikao, sikumbuki nani, alisema: si ameandikwa? Tukaenda wote kumi na wawili. Mzee akafungua kurasa kwa kidole kilicholoweshwa ulimini, bila haraka, kama anatafuta mstari wa Biblia. Ulikuwepo:

"Ijuma. Saa 5 dakika 10. Msichana ya S3 amerudi. Mama yake amefika mpaka gate. Begi moja ndoo moja. Risiti iko."

Tulirekodi ukurasa huo. Mistari ya juu na ya chini tuliifunika kwa vipande vya karatasi kwa sababu ina majina ya watoto wengine, na kwenye picha ukitazama vizuri unaona kona ya waraka wa mwalimu mkuu uliokatwa kwa mkasi. Kidole kinachopita chini ya mstari ni cha msichana mwenyewe. Alitaka kiwe chake. Kinaonekana sekunde 18. Tumekiweka mwanzoni mwa sehemu ya pili, pale VJ alipoahidi.

VJ aliniuliza aseme nini juu yake. Sauti yake ya kwanza tumeirudisha, baada ya msichana kusema ibaki. Nikamwambia nisingemchagulia maneno. Akajifungia kwenye stoo ya vitabu na maikrofoni, akajaribu utani mara tatu, nasikia nje ya mlango, kisha akasoma daftari lilivyo, pamoja na "msichana ya S3" na yote, kwa sauti ya mzee. Hakuongeza kitu. "Risiti iko."

Mwalimu mkuu ameikubali sehemu ya pili na bado haipendi ya kwanza. Mama ametia sahihi fomu mpya, mbele yetu, baada ya kuviona vipande vyote viwili kwenye kompyuta yangu. Aliomba cha pili kirudiwe. Mwenye kamera tumemwomba Ijumaa moja kwa mwezi na ametuambia tungoje msimu wa harusi upite.

Kituo cha televisheni kimeandika wiki iliyopita. Wanaupenda mfululizo, na wanaomba watangulize tangazo la sekunde 30: msichana anavuka uwanja, geti linafungwa, basi. Nimewajibu kwamba kile cha kutoka hakiendi bila daftari. Bado sijapata jibu lao.